Kamera Isiyoogopa Kuanguka

Nilipoitoa simu yangu ndani ya beseni la nguo, povu la sabuni likichuruzika kutoka kila tundu, binti yangu hakulia. Alikuwa na miaka sita. Alificha mikono nyuma, akanitazama usoni, akasema, "Mama, nilitaka kupiga foto ya povu."

Niliikausha juani, nikaifukia ndani ya mchele, na baadaye ikawaka. Lakini kioo kilibaki na wingu upande mmoja. Mimi ni fundi wa nguo hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, na wateja hunitumia picha za mishono kwa simu hiyohiyo. Tangu siku ile kila gauni lililonijia lilikuwa na ukungu mabegani, na mimi nilikuwa nakata vitambaa nikikisia.

Sikuweza kumkataza mtoto, kwa sababu hakuwa anacheza. Alikuwa na kazi. Mama yangu, ambaye tulikuwa tunaishi naye, magoti yake yalikuwa yamemkatalia kutembea. Zamani alikuwa mtu wa ziwani kila asubuhi, kununua ndagala, wale samaki wadogo, wakiwa wabichi, kufua, kusikiliza habari za watu waliovuka usiku. Sasa alikuwa anakaa kwenye mkeka karibu na mlango, na upepo wa maji ulikuwa unamfikia bila maji yenyewe. Binti yangu alimwita Koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita babu na bibi zao. Koko alikuwa anamuuliza, "Ziwa iko namna gani leo?" Mtoto alikuwa anafikiri sana, kisha anajibu, "Iko maji tu, Koko." Mpaka alipogundua kwamba simu yangu inaweza kujibu vizuri zaidi.

Basi nikaamua kumtafutia kamera yake mwenyewe. Jirani zangu walicheka. Kamera kwa mtoto ambaye hata kikombe hakidumu mkononi mwake?

Nilijua ninachotaka, ingawa sikujua kinaitwaje. Nilitaka kitu kigumu, chenye vibonye vichache, kinachotumia betri kama za tochi, maana umeme wetu ni wa jua na siku za mvua hakuna wa kutosha hata kwa taa. Nilitaka kitu ambacho mchanga hauwezi kukiingia. Mchanga wa Baraka unaingia kila mahali, kwenye masikio, kwenye mikate, kwenye mashine yangu ya kushona.

Karibu na soko kulikuwa na mzee aliyekuwa akipiga picha za harusi kabla watu wote hawajapata simu. Siku hizi alikuwa anachaji simu za watu na kuchapa picha, na nyuma ya kibanda chake alikuwa na sanduku la kamera zilizochoka. Tulikwenda wakati wa adhuhuri, jua likiwa limesimama juu ya mabati hivi kwamba soko lote lilionekana kama linaelea.

"Natafuta apareyi ya foto," nilimwambia. "Ya huyu mutoto."

Alimwangalia binti yangu, kisha mimi. "Mama, hii haiko vitu vya batoto."

"Najua, papa. Ndiyo maana nataka ile ya nguvu."

Alitutolea moja ya rangi ya fedha, nzuri sana. Ukibonyeza, mdomo wake ulikuwa unatoka polepole ukinguruma, na ukizima unarudi ndani kama shingo ya kobe. Binti yangu alirudi nyuma. Mimi niliutazama ule mdomo, nikauona mchanga wa kwetu ukiingia pembeni yake, chembe moja moja, na sauti ile ikikwama.

"Hapana," nilisema. "Nataka ile ambayo jicho yake iko ndani."

Alichakura tena, akatoa kitu kinene cha njano, kimevikwa mpira pembeni, kimechubuka. Alisema mwenye nacho wa zamani alikuwa akizama nacho majini kutazama samaki. Jicho lake lilikuwa dogo, kwenye kona, nyuma ya kioo. Juu kilikuwa na kibonye kimoja kikubwa. Mzee alikiwasha tukione. Binti yangu alinyoosha mikono miwili, akakishika, na kabla hajakigeuza kikamponyoka, kikaanguka kwenye saruji.

Kikazimika. Mzee alikiokota, akakiwasha tena. Kiliwaka. Ndani yake kulikuwa na picha ambayo kilijipiga chenyewe wakati kinaanguka: bati, anga, na nusu ya uso wa mwanangu aliyefungua mdomo.

"Hii," nilisema. "Utufungie kamba ya shingo."

Ndivyo tulivyochagua.

Siku za kwanza kidole chake kilikuwa ndani ya kila picha. Kwa sababu jicho la kamera lilikuwa kwenye kona, kidole kililifunika upande, kikatokea kama wingu jekundu juu ya ziwa, juu ya mitumbwi, juu ya mbuzi wa jirani. Mama yangu alilizoea wingu hilo. Alikuwa anatazama picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, akiishika mbali, mkono umenyooka, kidevu juu, kwa maana vya karibu macho yake yalikuwa hayavioni tena. "Leo maji imelala," alikuwa anasema. "Na hawa bamama banabeba nini?" Alikuwa anatazama picha moja kwa muda mrefu kiasi kwamba mtoto alisinzia kwenye paja lake. Mimi nikiwa kwenye mashine niliwasikia wakipumua, nikaona kama nyumba yetu imeota dirisha jingine.

Nilijifunza pia jinsi mji ulivyo kwa mtu wa urefu ule. Katika picha za binti yangu watu wazima hawakuwa na vichwa. Walikuwa magoti, pindo za vitenge, mikono iliyoshika ndoo, magurudumu ya pikipiki, matumbo ya mitumbwi iliyopinduliwa kwenye mchanga. Nilitambua pindo nilizozishona mwenyewe zikipita barabarani bila wenyewe.

Kisha nikapata kazi ya kushona sare za kwaya ya kanisa moja huko Fizi, juu milimani. Zilipokwisha nilizifunga kwenye gunia, nikakodi pikipiki kuzipeleka, na binti yangu akakaa katikati, kati yangu na dereva, kamera shingoni. Mama yangu alizaliwa upande huo, katika kijiji ambacho barabara inakipitia. Hakuwa amerudi tangu ujana wake, tangu wakati wa vita walipokimbia, wengine kuelekea ziwani na ng'ambo hadi Kigoma, wengine kuelekea msituni. "Umupigie Koko foto ya kila kitu," alimwambia mtoto. Hakuomba zaidi.

Barabara ilikuwa imenyeshewa. Tulipanda ndani ya ukungu, na nyuma yetu ziwa likazidi kuwa kubwa na jeupe mpaka likachanganyika na anga. Penye kona moja pikipiki iliteleza, tukashuka wote kwenye tope la hadi vifundoni. Kamba ilikatika. Dereva aliitoa kamera kwenye tope ikiwa kama kipande cha muhogo, na binti yangu akaiosha kwenye kijito kama anavyoosha sahani. Akapiga picha ya kijito. Tukaendelea.

Kijijini kwa mama tulisimama ili pikipiki ipoe. Mimi sikuona kitu cha kuonyesha: nyumba chache, shamba la mihogo, mashina ya migomba, watu wakiuza njiani. Mtoto alizunguka akibonyeza. Nilimwita, tukaenda kupeleka sare, na jioni tukarudi nyumbani.

Kesho yake mama yangu alitazama picha hizo polepole. Pale penye mihogo alisema, "Nyumba ya baba ilikuwa hapa." Alisema bila huzuni, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka kiti. Akaendelea. Magoti, ndoo, magoti. Kisha akakomea kwenye picha moja.

"Rudisha nyuma."

Mtoto alirudisha. Ilikuwa picha ya mwanamke mzee aliyekuwa akiuza ndizi. Kwa kuwa alikuwa amekaa chini, usawa wa mtoto, uso wake ulikuwa umeingia wote, peke yake kati ya watu wa siku ile.

"Huyu ni nani?"

"Ni koko moja. Alinipa ndizi."

"Ongeza. Ongeza uso."

Uso ukajaa kioo kidogo. Mama yangu hakuutazama uso tu. Alitazama jinsi yule mwanamke alivyonyoosha mguu mmoja na kukunja mwingine, kitambaa cha kichwa kimesukumwa nyuma ya masikio. Alitaja jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Kisha akaniambia kwamba huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kuchota maji, wa kulala mkeka mmoja, na kwamba siku ya kukimbia mikono yao iliachana.

"Mama," nilisema taratibu, "bazee banafananaga."

"Wewe shona nguo zako," alinijibu.

Nilikwenda kwa mzee wa picha, akanichapia ile picha na nyingine ya mama yangu, ambayo mtoto alikuwa ameipiga kabla sijatoka. Dereva wa pikipiki alizipeleka zote mbili kijijini kwa yule mwanamke. Tulingoja. Mama yangu alikuwa hali chakula vizuri, na kila pikipiki iliyopita barabarani alikuwa anainua kichwa. Hatimaye dereva alifika mlangoni na kucheka kabla hajazima mashine.

"Ule koko wa ndizi aliangalia foto. Halafu akaniuliza: anaogopaka vyura mpaka leo?"

Mama yangu alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, na sikuwa najua kwamba anaogopa vyura.

Rafiki alishuka Baraka juma lililofuata, amekaa kwenye pikipiki pamoja na ndizi zake. Nilitegemea watakumbatiana. Walisalimiana kwa mikono, kwa haya, kama wasichana waliotambulishwa sasa hivi. Mgeni alikaa, akanyoosha mguu mmoja, akamwangalia mama yangu toka kichwani hadi miguuni.

"Umezeeka mubaya," alisema.

"Na wewe basi?"

Ndipo walipoanza. Waliongea Kibembe cha zamani, lugha ya kwetu ambayo mimi naipata nusu tu, na nusu hiyo ilikuwa inanijia na kuondoka kama sauti za watu walio upande wa pili wa kilima. Mto. Mtu fulani aliyekuwa na meno mazuri. Chungu kilichovunjika na nani alisingiziwa. Mchana ukapita, wali ukapoa, mtoto akawazunguka akipiga picha, na hawakumwona.

Rafiki alipoondoka, mama yangu alishinda akitazama barabara. Kisha akaniambia anataka kupanda milimani kwake. Hakusema kutembelea, alisema kukaa. Nilibisha: magoti, barabara, baridi ya huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kukunja vitenge vyake.

Sasa anakaa huko. Nampandia kila ninapopata sare za kupeleka, naye ananipokea akiwa ameketi mbele ya nyumba ya rafiki yake, ukungu ukiwa umefunika shamba lote isipokuwa wao wawili. Amenenepa kidogo. Husahau kuniuliza habari za mjini, na nikimuuliza hali anasema wana kazi nyingi, ingawa sioni kazi yoyote. Binti yangu amebaki naye msimu huu wa likizo. Hapa nyumbani nimekunja mkeka wa mlangoni, nimeuegemeza ukutani, na ninaposhona nasikia mashine peke yake. Namkumbuka mama yangu kila siku. Sijapata kumwona akiwa na furaha namna hii.