Mawe Meupe ya Kilima cha Itolwe

Methusela Chilongani alisafisha picha katika studio ya Harshad, karibu na stesheni ya Dodoma, kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupiga hata picha moja. Kupiga ilikuwa kazi ya Harshad. Yake ilikuwa chumba cha giza: dawa, maji, taa nyekundu, na sura za watu wengine zikijitokeza polepole kwenye karatasi.

Mwezi wa sita mwaka 1953, Mzungu mmoja aliyestaafu jeshini alileta mkanda wake usafishwe kabla hajapanda treni ya pwani. Karatasi ya tatu ilipoanza kushika rangi ndani ya dawa, Methusela aliona uzio, kibao chenye jina la Itolwe, na njia iliyopangwa mawe meupe pande zote mbili. Hivyo hakuvijua. Nyuma ya vitu hivyo kilisimama kilima chenye bega moja lililobonyea na jabali juu yake mfano wa ng'ombe aliyelala, na hicho alikijua. Aliisahau karatasi kwenye dawa mpaka ikawa nyeusi tii, ikabidi aanze upya.

Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, yeye na kaka yake Ndahani walikamatwa kwao Mkonze wakafanywa wapagazi wa Mjerumani. Methusela alikuwa na miaka kumi na sita. Walibeba masanduku ya risasi kuelekea kaskazini, njia ya Kondoa, katika mvua na njaa. Mahali ambapo hakupajua jina, mizinga ya Mwingereza iliwakuta wapagazi wamejibanza korongoni, chini ya kile kilima. Ndahani alipigwa tumboni, na saa nne asubuhi alikuwa amekwisha. Methusela na wenzake wawili walimfukia kwa mikono, wakamrundikia mawe ili fisi wasimfikie, kisha wakaamriwa wainue mizigo. Hakurudi tena huko.

"Miaka yote ulisema hujui ni wapi," mkewe Loisi alimwambia jioni ile. "Sasa unajua. Nenda."

Kesho yake alimwomba Harshad kamera.

"Utaiharibu," alisema Harshad.

"Bwana, nimeyaona makosa yako yote kwa miaka kumi na minane. Najua yasiyofaa kufanywa."

Harshad alicheka bila kutaka. Akamfungia kamera ndogo ya sanduku katika kitambaa, akampa mkanda mmoja. "Picha nane tu. Na Jumatatu uwe hapa."

Alipanda basi Alhamisi alfajiri. Lilikwama kwenye mchanga mara mbili, likafika Itolwe jua limeshageuka. Alikwenda moja kwa moja kilimani, kitambaa kifuani. Langoni alimkuta mlinzi, kijana wa Kirangi aliyevaa kaki iliyopigwa pasi vizuri, jina lake Hasani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kupiga picha."

"Una barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya ofisini. Kutazama ni ruhusa. Kupiga picha lazima barua."

Ofisi ilikuwa imefungwa. Ijumaa asubuhi karani alimwambia Bwana Shauri, Mzungu wa ofisi ile, yuko safari, angoje kwenye benchi. Alingoja mpaka adhuhuri, akaambiwa arudi saa nane. Saa nane karani alimuuliza yeye ni nani hata apige picha mahali pa serikali. Methusela alieleza. Karani aliandika maneno mawili, akauliza tena jina la kijiji chake, akaenda kunywa chai. Barua ilipotoka Jumamosi saa tatu, ilisema mleta barua aruhusiwe kupiga picha ndani ya uzio, na si kwingineko.

"Kaka yangu yuko nje ya uzio," alisema Methusela.

"Hayo kamwambie mlinzi," alijibu karani, akaita mwingine.

Hasani aliisoma barua kwa makini, akafungua lango. Alikuwa mtu mwenye adabu na aliipenda kazi yake. Alimwonyesha handaki lililozibuliwa na kuchongwa kingo, akamwonyesha makaburi matano ya maofisa, kila moja na msalaba wake, akamsomea kibao. Kibao kilisema Wajerumani walizuiwa upande wa mashariki, na kwamba upande wa kusini, kwenye korongo, hapakuwa na mapigano.

"Palikuwa na mapigano," alisema Methusela.

"Mzee, imeandikwa."

"Mimi nilikuwapo."

Hasani alimtazama kwa huruma, namna kijana anavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganya mambo. "Labda kilikuwa kilima kingine. Vilima ni vingi huku."

Methusela alitoa kamera kwenye kitambaa, maana alijua akifungua mdomo atatukana. Alipiga picha ya jabali. Akapiga ya kibao, ili uwepo ushahidi wa uongo ule. Kamera ilisogea alipobonyeza, akajua hiyo ya pili imeharibika.

"Na mawe haya?" aliuliza, ilimradi aseme kitu. Walikuwa wamesimama kwenye njia. "Mmeyatoa wapi?"

Uso wa Hasani ulikunjuka. "Hii ni kazi yetu wenyewe! Mwaka juzi, kabla ya wageni wakubwa kuja. Tuliyatoa kule korongoni. Hatukupata taabu, yalikuwa yamerundikwa tayari, marundo marundo. Tukayapaka chokaa."

Methusela aliketi chini pale pale njiani.

"Mzee? Nikuletee maji?"

"Marundo mangapi?"

"Sikumbuki. Mengi."

"Yalikuwa makaburi, baba. Moja nililirundika mimi kwa mikono hii."

Hasani aligeuka. Alitazama njia yote mpaka langoni, jiwe kwa jiwe. "Hakuna aliyetuambia," alisema. "Walisema tukusanye mawe." Akaongeza, bila kumtazama, "Nakwenda kisimani. Nitakawia."

Methusela alipita chini ya waya, akashuka. Alikuwa ameamini kwamba miguu yake itakumbuka. Haikukumbuka chochote. Korongo lilikuwa limepanuka kwa mafuriko ya miaka thelathini na saba, migunga imeota kila mahali, na ardhi ni ile ile nyekundu kotekote, haina hata rundo moja la kumwelekeza. Alihesabu hatua kutoka penye usawa wa jabali, akakosea, akaanza tena. Miiba ilimchana shati. Akapiga picha hapa, akahisi si hapa. Akasogea, akapiga tena. Alipiga sita kwa hasira, kama mtu anayerusha mawe gizani, mpaka mkanda ukaisha. Sauti ya Hasani ilipomwita kutoka juu, akapanda mbio asimponze kijana wa watu.

Picha zilitoka safi, isipokuwa ile ya kibao. Harshad alizishika moja moja kwenye mwanga wa dirisha. "Umepiga vizuri," alisema kwa mshangao. "Lakini ndani hamna kitu. Ni vichaka tu."

"Najua, Bwana."

Jumapili iliyofuata alizipeleka Mkonze kwa dada yao mkubwa, Hana. Macho ya Hana yalikuwa yameingia ukungu. Alizisogeza picha mpaka zikakaribia pua.

"Yuko wapi?"

"Hapa." Aliweka kidole. "Au kwenye hii. Karibu na hapa."

Akamweleza yote: basi, benchi, karani, kibao, chokaa. Sauti ilimpanda mpaka majirani wakageuka. Hana alisikiliza hadi mwisho, mkono umelala juu ya picha.

"Na ulipofika pale korongoni," aliuliza, "ulimwita?"

"Kumwita?"

"Jina lake. Ulimwambia ni wewe, umekuja, na kwamba mama alikufa akimuulizia?"

Methusela aliona tena jinsi alivyokimbia kati ya migunga, jicho kwenye kioo cha kamera, akihesabu picha zilizobaki.

"Sikumwita," alisema.

Hana hakumlaumu. Alimrudishia picha zote isipokuwa moja, aliyoichagua bila kuuliza ni ipi.

"Basi itabidi urudi."

"Watataka barua nyingine," alisema Methusela, na hasira ikampanda tena.