Nyuzi na Muziki Usiosikika

Mpiga gitaa huyu aliitwa Nyuzi. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mjomba wake ndiye aliyemrithisha nyimbo za zamani, zile za vidole viwili: cha gumba kinashika besi, cha shahada kinazungumza. Miaka ishirini na mitatu alizipiga kwenye harusi na kumbi za hoteli. Kazi yake ilikuwa kusikika, na alisikika.

Siku moja mwongozaji wa filamu, mama mmoja mpole wa maneno, alimfuata baada ya onyesho akamwomba amtungie muziki wa filamu yake. Nyuzi akakubali kabla hajaelewa anakubali nini.

Studio ilikuwa chumba kidogo, magodoro yamebandikwa ukutani. Akaoneshwa kipande kimoja: mjane anakunja nguo za marehemu mumewe, moja moja, anazipanga sandukuni. Nyuzi akapiga wimbo wa kuliza mawe.

"Mzuri, kaka," alisema mwongozaji. "Ila nataka muziki ambao mtu hatajua kama upo."

"Sasa mama, kama haupo, mimi nimeitiwa nini?"

"Upo. Ila usisikike."

Fundi sauti akainamia mitambo yake kuficha kicheko. Nyuzi akapunguza, akapunguza tena. Siku ya nne alikuwa hapigi hata robo ya wimbo, na bado anaambiwa ni mwingi. Jioni alimweleza dada yake, mjane aliyekuwa akiishi naye.

"Wanataka nipige nisipige."

"Tangu utotoni huambiliki," dada akamjibu. "Labda umempata wa kukunyamazisha."

Wakaenda pamoja kuitazama filamu ilipokamilika. Ilipofika sehemu ya nguo, Nyuzi hakusikia hata tungo yake moja. Alisikia uzi ukikazwa polepole, unapanda, unasita, unashuka. Kiti kikilia, na pumzi zake mwenyewe. Kumbe alirekodiwa akilinganisha gitaa! Akatahayari kama mtu aliyekutwa bafuni. Akamgeukia dada yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Hapo umemlilia shemeji yako," dada alinong'ona.

"Sikulia, dada. Nilikuwa nakaza nyuzi."

"Basi nyamaza tusikilize."

Nje alimkamata fundi sauti. "Mbona hukuzima?"

"Nilisahau. Mama alipoisikia akanikataza kuifuta."

Baada ya hapo kazi zikamiminika. Kwa miaka saba alitungia filamu tisa, na kila mwongozaji alitaka "kitu kama kile cha nguo". Alijaribu kukaza nyuzi kwa makusudi. Ikatoka kama mtu anayejifanya amelala. Akaanza kuacha nafasi kati ya mapigo, wengine wakasifu, wengine wakauliza kama gitaa limeharibika. Gazeti moja likaandika kwamba ukimya wake umekomaa. Alimsomea dada yake mara mbili, akauliza kama ametukanwa.

Filamu ya tisa ilimpatia tuzo. Alipanda jukwaani na suti ya kuazima, mabega yakimbana, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Asanteni," alisema. "Kama kuna anayejua nilichofanya, naomba anieleze."

Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Nyuzi hakuwa anatania. Alisubiri kidogo palepale, akitazama safu za mbele, kisha akashuka.