Onja Kwanza, Susu

Kalekye alikuja mtaa wetu wa Jericho akiwa mke wa Kyule, mchonga vinyago, pamoja na kinu cha mti alichochongewa na mumewe. Kyule alipofariki, kinu kile ndicho kilichombakia. Kila asubuhi alitwanga mahindi mpaka maganda yatoke, akayapika na maharagwe, na kufikia saa sita mafundi wa gereji walikuwa wamejipanga mlangoni kwake kula muthokoi. Kwa sufuria hiyo alimsomesha mwanawe Mumo hadi kidato cha nne.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akicheka alifunika mdomo kwa leso, kwa kuwa meno mawili ya mbele hayakuwepo. Wala hakuwa malaika. Maziwa ya Yahye, Msomali mwenye duka la pembeni, hakuyanunua hata siku moja. Alisema hajui watu hao huchanganya nini.

Mimi na Kalekye tulitenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka kumi na moja. Nikiwa kiwandani, binti yangu Muhonja alishinda kwake. Alimfundisha kumwita Susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Sisi ni Wamaragoli, lakini mtoto alijua kuhesabu kwa Kikamba kabla hajajua lugha yetu.

Mwezi wa tano mwaka jana mvua ilizidi, maji taka yakaingia kwenye mabomba, na maji ya mfereji yakaanza kunuka. Muhonja, aliyekuwa na miaka sita, akatapika. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Jirani wetu Mama Opicho akaja kumwona, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Muhonja, huyu mtoto hula wapi mchana?"

"Kwa Kalekye."

"Na hujiulizi? Mkamba, mjane, na anapenda hivyo watoto wa wenyewe?"

"Amemlea tangu akiwa wa miezi sita."

"Ndio hao, dada. Hulea kwanza, kisha huroga chakula."

Hospitalini daktari aliniambia ni homa ya matumbo, imetokana na maji. Watoto wengine watano wa mtaa wetu walikuwa wamelazwa, na wawili kati yao hawakuwahi kula kwa Kalekye. Yote hayo niliyajua. Niliishia darasa la saba, lakini karatasi ya hospitali naweza kuisoma.

Muhonja aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mimi mwenyewe nilimpeleka kwa Kalekye, maana kazini walikuwa wananiita. Ilikuwa saa sita, wateja wamejaa. Kalekye alimkumbatia, akampakulia bakuli. Nikajisikia nikisema, "Onja kwanza."

Mafundi wakageuka kunitazama. Nikajaribu kucheka.

"Ni mila ya kwetu tu. Mwenye chakula huonja mbele ya mgeni."

"Na mgeni ni nani hapa, Mama Muhonja?"

Kalekye alichota kijiko kimoja, akatafuna, akameza huku ananitazama. Kisha akampa mtoto.

Kesho yake Okoth wa gereji akafanya mzaha: "Susu, onja basi, hata mimi ni mgeni!" Wakacheka. Siku iliyofuata mwingine akamwambia aonje, na huyo hakucheka. Baada ya wiki, kila sahani ilidaiwa kijiko, hata na watu waliokuwa wamekula kwake miaka kumi. Kufikia saa saba Kalekye alikuwa ameshika tumbo kwa shibe, na sufuria bado iko nusu. Mwezi wa saba wateja walikuwa wanne. Mwezi wa nane kinu hakikusikika tena asubuhi.

Nilimwendea Mama Opicho na ile karatasi.

"Imeandikwa ni maji," nikamwambia.

"Karatasi inawajua Wakamba?"

Nikaikunja karatasi nikarudi kwangu.

Kalekye alishindwa na kodi, akaamua kuhamia Mathare, kwenye chumba cha Mumo. Siku ya kuondoka alitwanga mara ya mwisho, akatoka na bakuli moja lililofunikwa. "La Muhonja," akasema.

Mtoto alimkimbilia. Alipobakisha hatua mbili akasimama.

"Susu, onja kwanza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema sala ya chakula.

Kalekye akaonja. Akapangusa kijiko kwa leso, akamkabidhi.

"Kula, mama."

Mimi hakunitazama. Mkokoteni ulipofika, alisaidia kupandisha kinu, akaufuata kwa miguu.

Muhonja alikula akamaliza, akalamba bakuli. Kesho yake asubuhi, kabla sijamwamsha, nilimpapasa tumbo.