Namna herufi moja ilivyowafungulia wavulana geti la chuo cha wasichana Kitale

Wakuu, poleni na kazi. Naandika kutoka Kitale. Majina ya watu nimebadilisha na chuo sitakitaja, lakini mengine yote yako vile yalivyonitokea.

Kuna sentensi moja iliyonikosesha usingizi. Ina maneno manne tu: "Tawi la Bungoma liliridhia."

Nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Kila nikifumba macho naiona, na kila nikiiona najiuliza niifute au niiache. Wanaonijua watawaambia kwamba mimi hata kutuma ujumbe wa "asante" huwa naufikiria mara tatu. Lakini hii haikuwa ndogo.

Nianze na chuo.

Mimi ni mwanamume na nimesomea chuo cha wasichana. Chekeni mmalize, tuendelee.

Kilianzishwa na akina mama wa kanisa, kwenye nyumba ya mzungu aliyeuza shamba akaondoka. Walifundisha upishi, ushonaji na malezi, baadaye uhazili na ualimu wa chekechea. Wasichana walitoka Endebess, Suam, na wengi sana Bungoma. Geti lilifungwa jua likiwa bado juu. Baba akija kumwona binti yake alikaa kwenye benchi nje ya geti, na hata chai aliletewa hapo hapo.

Baadaye mambo yakabadilika. Wasichana waliofanya vizuri walianza kupata nafasi kwenye vyuo vikubwa, hosteli zikabaki na vitanda vitupu. Uongozi ukataka kiwe chuo kikuu, na ukaona kwamba bila wavulana hakitasimama.

Lakini kanuni za waanzilishi zilisema jambo kama hilo lazima wahitimu wenyewe wapige kura.

Kura ikapigwa. Wavulana wakaingia. Wale wa kwanza walilala kwenye chumba cha kushonea, na choo walitumia cha askari wa geti. Mimi niliingia miaka mingi baadaye, vyoo vilikuwepo. Ila mpaka leo ukimwambia mtu wa boda akupeleke chuo kikuu, anakuuliza, "Kwa wasichana?"

Sasa mimi hapo naingiaje?

Baada ya kuhitimu nilikaa nyumbani nikisaidia shamba na kutuma maombi ya kazi. Kuna mama mmoja tunasali naye, tumwite Madam Wambui. Ni mhitimu wa zamani na alikuwa katibu wa wahitimu wakati wa ile kura. Chuo kinaandaa sherehe ya kukumbuka kuanzishwa kwake, na yeye yuko kwenye kamati. Akaniambia niandike historia fupi ya kuchapishwa siku hiyo. Akadokeza pia kwamba maktaba ya chuo inatafuta mtu, na kamati ikipenda kazi yangu, nitakuwa nimejitambulisha vizuri.

Unaona vile mtu wa aina yangu anaweza kuugua kwa dokezo kama hilo.

Madam Wambui ndiye aliyenieleza habari za kura. Alisema tawi la wahitimu la Bungoma, lililokuwa kubwa kuliko yote, halikuja. Lakini mwenyekiti wao, Mama Nafula, aliridhia kwa simu. Halafu mambo yalipokwisha akageuka, akasema wamedanganywa. Yeye na Madam Wambui hawajasemezana tangu wakati huo, na hao ni watu waliolala chumba kimoja miaka yao yote ya chuo.

Nikaandika yale maneno manne. Kisha nikaona si haki kuandika neno la mtu bila kumsikia. Nikaenda Bungoma.

Mama Nafula ni mwalimu mstaafu, sasa ana duka la mbegu na mbolea. Nilimwambia naitwa Kuria. Akaniita Kulia, na nikabaki Kulia mpaka naondoka. Nilipomwambia nilikosomea, alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Kumbe ni nyinyi mlituingilia," akasema. "Keti basi. Si umeshaingia."

Akanisimulia. Walikuwa Malakisi kwenye matanga, wanamzika mwenzao waliyesoma naye, ndipo Wambui akapiga simu.

"Ananialika chakula. Tunafukia mtu, yeye ananiambia mambo ya kula. Sikutaka kumkosea heshima. Nikamwambia hiyo ya kula endeleeni tu bila sisi, hakuna ubaya. Kumbe hiyo siku ndio wanauza chuo."

Nilimuuliza kuhusu barua za mkutano. Akasema labda zilitumwa kwa masanduku ya posta ambayo watu walishayaacha zamani. Yeye ya kwake hakuiona.

Nilirudi Kitale nikijua kwamba mmoja wa mama hawa wawili ananidanganya. Nikapanga hoja za kila mmoja kichwani kama wakili. Sikupata jibu.

Jibu lilikuja mezani kwa Madam Wambui. Nilikuwa nimempelekea kurasa za kwanza asome. Bado nazipanga, akatoka jikoni na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe.

"Kuria, wacha hizo karatasi ukuje ukure."

Nikashika kijiko, sikula.

Ndugu zetu wa mbali niwafafanulie. Sisi tuliotoka kwa wazee wa Kikuyu wa Mkoa wa Kati tukazaliwa huku, wengi L hutushinda. Mama yangu mzazi husema kura akimaanisha kula, kurara akimaanisha kulala. Na wenzetu wa Bungoma, L na R kwao hubadilishana viti bila kuulizana. Tumezoeana. Mtu akikuambia neno kwa mdomo wake, wewe unalinyoosha kichwani mwako kimya kimya, maisha yanaendelea. Ni adabu.

Sasa fikirieni ile simu.

Wambui anasema, "Leo kuna kura." Kwa mara moja maishani amelitamka neno vile lilivyo. Nafula, kwa upendo, analinyoosha: kuna kula.

Nafula anajibu, "Hiyo ya kula endeleeni bila sisi." Wambui, kwa upendo ule ule, analinyoosha: hiyo ya kura endeleeni bila sisi, hakuna ubaya.

Kila mmoja alimrekebisha mwenzake. Hakuna aliyedanganya.

Pale mezani niliogopa Madam Wambui atadhani namcheka. Nikarudi Bungoma kwanza, nikamweleza Mama Nafula polepole, macho yangu yakiwa kwenye magunia ya mbolea.

"Alisema kura," akasema. "Si ndio nakwambia, alisema kura! Huyu tumekaa chumba kimoja, kila jioni ni Nafula twende tukure. Sasa ningejuaje hiyo siku moja amemaanisha?"

Akacheka mpaka akashika kaunta. Mteja aliyekuwa anangoja mbegu akaanza kucheka naye bila kujua ni nini. Kisha Mama Nafula akamhudumia yule mteja, akarudi kwangu.

"Lakini sikia, Kulia. Tungejua ni kura, tungemwacha marehemu na watu wake tukuje. Na tungekataa. Tulikuwa wengi, hiyo kitu isingepita. Wewe hungesoma pale." Akanisogezea kiti. "Si uko na kalamu? Hiyo pia utaandika?"

Nilisema nitafikiria, na hapo ndipo usingizi ulipoisha kabisa.

Kwa sababu nikiacha "liliridhia," nimewaandikia wanawake wa tawi zima neno ambalo hawakusema, na wengine wao wameshakufa, hawatakuja kulikanusha. Nikiandika ukweli, nimesema kwamba mlango nilioingilia ulifunguka kwa kosa la kusikia. Digrii yangu ni ya nani basi? Itakuwaje kwa wasichana wa sasa, ambao ada za wavulana ndizo zilizokiweka chuo hai? Na watu wakicheka matamshi ya mama wawili wazee siku ya sherehe? Na ile kazi ya maktaba?

Niliyapindua hayo mpaka mama yangu akauliza kama nina deni la mtu.

Mwishowe nikaenda kwa Madam Wambui, nikamweleza yote. Alikasirika.

"Kwa hivyo shida ni mdomo wangu."

Nikamwambia hapana, mdomo siku hiyo ulikuwa sawa kabisa. Akakaa.

"Mimi nilijua amenibariki," akasema. "Nilipoambiwa ananitukana huko Bungoma, nikasema huyu ana nyuso mbili." Nikamuuliza kama nimpe namba ya Nafula. "Namba ninayo. Haijawahi kutoka kwa simu yangu. Sijui tu nianze na neno gani."

Kuhusu historia alisema nimpelekee mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ni mtu mpole. Alisoma, akatabasamu, akasema hadithi ni tamu lakini si ya kuchapishwa. Akapendekeza niandike kwamba tawi la Bungoma halikuhudhuria "kwa sababu zisizoepukika." Kisha, bila kubadilisha sauti, akaniuliza kama bado nina nia na maktaba.

Nilitoka pale nikiwa nimekubali. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimekubali. "Zisizoepukika" ni neno zuri, halimuumizi mtu.

Lakini nilipoketi kuliandika niliona kwamba ni kosa lile lile. Ni kumnyooshea mtu maneno yake ili mambo yaendelee. Tofauti ni kwamba wale mama hawakujua wanafanya hivyo. Mimi nilijua.

Basi nikafuta. Nikaandika hivi:

"Tawi la Bungoma halikupiga kura, wala halikuridhia. Ujumbe ulisikika vibaya pande zote mbili, bila nia mbaya. Wanachama wake wanasema wangepinga, na walikuwa wengi wa kutosha kuzuia. Aliyeandika historia hii ni mmoja wa wavulana walioingia baadaye, na anakishukuru chuo."

Niliisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nikaweka jina langu chini. Nakala moja nikaituma kwa mwenyekiti, ya pili kwa Madam Wambui, ya tatu kwa Mama Nafula. Nilimwambia mwenyekiti kwamba akiitoa aya hiyo, atoe na jina langu. Habari za maktaba sijasikia.

Nilichojifunza ni kidogo. Kumzoea mtu si kumsikia. Jambo likiwa kubwa, muulize mwenzako, "Umesema nini?" hata kama mmelala chumba kimoja miaka yote.

Waliosomea vyuo vilivyobadilika hivi, hebu tuelezeni kwenu ilikuwaje. Na kama unaona ningeandika "sababu zisizoepukika" nikapata kazi yangu, niambie pia, sitakasirika. Ila nimeshatuma.