Kitufe Chenye Picha ya Sato

Kwetu Nyakato, Mwanza, ninajulikana kama mtu wa ndani. Kuna watu wa mpira, watu wa kwaya, watu wa siasa, na mimi ni wa ndani. Majirani wakipita wanasalimia dirisha, maana wanajua nipo nyuma yake. Mama huwaambia wageni, "Huyo mzoeeni tu, ni kama kabati. Tofauti yake, kabati haliulizi chai imeiva saa ngapi."

Dada yangu mkubwa ana meza ya samaki wabichi pale Mirongo. Anauza sato na sangara, na dagaa kwa pembeni. Mwaka ule alikuwa mjamzito, na siku moja tukiwa tunakula ugali akasema bila hata kuniangalia, "Nikijifungua, huyu ndiye atakayeniuzia samaki."

"Huyu nani?" nikauliza, ingawa wanaume chumbani tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa picha ya marehemu baba ukutani.

"Wewe, bwana mkubwa. Au unataka wateja wangu wahamie kwa jirani?"

Nikajiona nimesimama juani kutwa nzima nikiwaita watu nisiowajua. Nikarudisha tonge sahanini. Hofu humfanya mtu awe na akili, nikasema, "Nitakutengenezea aplikesheni. Wateja wataagiza kwa simu, shemeji atawapelekea kwa pikipiki yake, wewe utanyonyesha kwa amani, na mimi..."

"Na wewe utaendelea kukaa."

"Na mimi nitasimamia mitambo."

Akacheka, lakini akakubali kwa sharti. Ikifanya kazi kabla hajajifungua, nikae ndani mpaka niote mizizi. Isipofanya kazi, aproni yake ni yangu.

Niseme ukweli kuhusu elimu yangu. Nilimaliza kidato cha nne na kupata alama za kutosha kabisa kutoitwa popote. Mambo ya aplikesheni nilijifunza kwa video za bure, kwenye kompyuta ya mtumba yenye kibodi kilichofutika herufi. Kilichonitoa jasho hata hivyo kilikuwa vitufe, vile vya kugusa kwenye kioo cha simu. Kwanza niliweka maneno matupu, meusi kwenye weupe kama tangazo la gazetini: SATO, SANGARA, DAGAA. Mama akaishika simu mbali na macho, akasoma, akaniuliza, "Nani kafa?"

Basi nikaongeza picha. Kuweka picha na maneno ndani ya kitufe kimoja ni kama kulaza watu wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, lazima mmoja aanguke. Picha ikikaa kushoto, maneno "sangara wa minofu" yanakatika yanabaki "sangara wa mi". Maneno yakipanda juu ya picha, yanamfunika samaki kichwa.

"Mbona umemfunga kitambaa usoni?" dada akauliza. "Sato asiyeonyesha jicho ana siri."

Kwenye dagaa ndipo nilipoaibika zaidi. Nilimpiga picha dagaa mmoja, nikamkuza mpaka akajaa kitufe. Mama akamwangalia kwa huruma. "Huyu sangara mbona amekonda hivi?"

"Ni dagaa, mama."

"Dagaa mmoja? Umewahi kumwona wapi dagaa anatembea peke yake?"

Nikapiga picha fungu zima. Hatimaye nikapata mpango ulionipendeza: picha juu, maneno chini yake, pembe za mviringo, vyote ndani ya kitufe kimoja. Ukigusa popote, oda inaondoka. Nilijiona injinia.

Dada akaituma kwa wateja wake. Kesho yake asubuhi simu yangu ilitetemeka mpaka ikatembea, ikaanguka kutoka kwenye stuli. Oda juu ya oda! Mama mmoja wa Mirongo aliagiza sato mkubwa, sato wa kati, sato mdogo, sangara, na dagaa.

"Huyu ana sherehe," nikamwambia dada.

Dada akaenda na tumbo lake mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, akachukua samaki wengi kuliko siku zote. Shemeji akafunga kreti kwenye pikipiki akaondoka. Haikupita muda akapiga simu. "Shemeji, huku wananikatalia. Nyumba ya kwanza wanasema hawajaagiza, ya pili hivyohivyo. Huyu wa tatu amenifungulia mbwa."

Nikampigia mwenyewe yule mama wa sherehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ni kuhusu samaki wako ulioagiza."

"Samaki gani? Mimi sijaagiza, nilikuwa nawabonyeza tu."

"Ndiyo, mama. Ukishabonyeza, umeagiza."

"Mwanangu, wewe umekulia Mwanza hii hii? Tangu lini mtu akanunua samaki kabla ya kumbonyeza? Na yule wa chini nilimbonyeza mara mbili, nyama yake haikurudi."

"Mama, ile ni picha."

"Basi picha yake imelegea."

Sina cha kujitetea, maana hata mimi ninajua. Kwetu samaki hubonyezwa kwa kidole gumba. Nyama ikirudi juu, ni wa leo. Shimo likibaki, huyo amelala. Ninajua hivyo tangu utoto, ila nilijua kama mlaji. Mnunuzi sijawahi kuwa, maana kununua kunahitaji kutoka nje.

Dada hakunigombeza. Alivua aproni, akanivalisha, akanifunga kamba kwa nyuma kama anamfunga mbuzi. Samaki wale wote ilibidi wauzwe siku hiyohiyo, mezani kwake Mirongo.

"Sato... sato hapa..." nikaita.

"Unauza au unatubu?" dada akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Wateja wakaja. Kwa kuwa sikuwa na maneno, niliangalia mikono. Kidole gumba kinatangulia. Kisha shavu la samaki linafunuliwa kutazamwa wekundu. Huyu anaachwa, mwingine anabonyezwa, na muda wote mwenye kidole anasimulia harusi ya mpwa wake. Anaweza kubonyeza meza nzima mpaka samaki waumwe, na bado hajanunua kitu. Mpaka mdomo wake useme, "Haya, nipimie huyu."

"Dada!" nikapiga kelele, wateja wakashtuka. "Kidole hakinunui! Mdomo ndio unanunua!"

"Leo ndiyo unajua? Hebu mfungie mama huyo sato wake."

Samaki waliisha alasiri, wengine kwa bei ya kuomba msamaha. Nikarudi nyumbani nikinuka, nikaoga, nikavunja vitufe vyangu vyote. Picha nikaitenga iwe yake yenyewe. Ukiigusa inakua, ukigusa tena unaona shavu limefunuliwa, na ukibonyeza, nyama inabonyea kidogo halafu inarudi. Maneno nikayashusha chini kwenye kitufe chao, mbali na picha kiasi cha kidole gumba kilichonona: "Nipimie huyu." Mama akawabonyeza samaki wote huku uji ukichemka, hakununua hata mmoja, akaridhika sana. "Hapa sawa," akasema.

Na kweli, oda zilizoingia safari hii zilikuwa oda. Siku ya kwanza, shemeji alirudi na kreti tupu. Siku ya pili pia. Nikaanza kumtazama dada kwa madaha. Halafu oda zikakauka ghafla. Nikampigia tena mama wa Mirongo, maana sasa alikuwa mshauri wangu.

"Marahaba. Baba, huyu sato si ndiye yule wa juzi? Nimemtambua kwa jicho. Mpaka leo hajapata mtu, ana ugonjwa gani?"

Dada alicheka huku ameshika tumbo. "Usinichekeshe, mtoto atatoka na magamba! Kumbe hata picha inalala. Basi, mdogo wangu, picha za leo zitapigwa leo."

"Shemeji si anakwenda mwaloni kila siku? Apige yeye."

"Shemeji yako alipigwa marufuku kamera. Kwenye picha za send-off yangu alizopiga, mama yetu hana kichwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Aplikesheni ilifanya kazi kabla hajajifungua, nilishinda, na ushindi wangu ni kwamba kila alfajiri nipo mwaloni kwenye matope, simu mkononi, nikiwaomba wavuvi wamgeuze sato upande wa mwanga na kumfunua shavu.

"Mpiga pasipoti kaja!" wanapaza sauti wakiniona. "Sato wote mnyooshe shingo!"

Dada alijifungua mtoto wa kike, hana magamba. Siku tatu tu baadaye, akiwa bado kitandani, alianza kuwabonyeza samaki kwenye simu kabla ya wateja na kunitumia ujumbe wa sauti, mtoto akilia nyuma yake: "Huyu sangara umempiga kwenye kivuli, mrudie. Na sogea mbele, unaogopa nini, maji?"

Nikasogea. Yakaingia kwenye buti la kushoto.