Kiongozi wa Ndege na Kiwanja cha Bondeni

Nilimchukua kiongozi wa kutazama ndege kwa hila, nipate kukikagua kiwanja cha bondeni bila mwenye kuuza kunusa kwamba nakitaka. Tangu mwanzo sikumwamini. Alinyata kama mwizi wa kuku, kiganja nyuma ya sikio. Kila hatua kumi alisimama, akainua kidole chenye kucha iliyopasuka na kunong'ona, "Huyo." Na kweli ndege akatokea. Nikashuku ana simu mfukoni inayowaita ndege kwa milio yao. "Nipekue, bosi," akasema bila kugeuka. Nikampekua, nikakuta kitambaa cha kufutia darubini tu.

Kiwanjani nyasi zilikuwa kavu za kuvunjika. Akaelekeza kidole kwenye viota vitupu vilivyoning'inia katika matete, juu ya vichwa vyetu. "Hawa hujenga juu ya maji tu. Mvua ikishika, hapa tuliposimama ni bwawa."

"Nani kakwambia nanunua?"

"Bosi, ndege umeacha kuwatazama zamani. Unapima kwa hatua."

Nikajua naye ana lake, maana bonde likijengwa, kazi yake imekwisha. Hata hivyo viota niliviona kwa macho yangu, nikaacha kununua. Akanunua mwingine, akafyeka matete, akajenga upesi. Masika yaliyofuata alitoa magodoro yake kwa mtumbwi. Mimi niliokoa mtaji wangu. Kiongozi aliyeniokoa hana tena ndege wa kumwonyesha mtu pale.