Siku Mama Alipomchunga Aliye AFK

Mimi na kaka yangu tulifundishwa Kiingereza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa shuleni Kathiani, kwa kiboko. Mara ya pili ilikuwa sayba, chumba cha kulipia intaneti, Machakos mjini, kwa makelele.

Sayba yenyewe ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la mbegu. Kompyuta za mbele zilikuwa za watu wa heshima, waliokuja kutafuta kazi. Za nyuma zilikuwa zetu sisi wa gemu ya risasi. Huko ndiko nilikoitwa nubu, yaani mgeni asiyejua kitu, nikakasirika nusura nimrushie mtu kiti. Baada ya wiki moja mimi ndiye niliyekuwa nawaita watu nubu: mwalimu wa kwaya alipokosea wimbo, na hata jogoo wetu aliyezoea kuwika saa nane mchana. Maneno yale hayakukaa ndani ya gemu. Yaliingia kwenye barua pepe, yakaingia kwenye chati, yakafika mpaka mezani kwetu. Ugali ukiisha, kaka alisema "GG", maneno ya mchezaji kuwashukuru wenzake mchezo ukiwa umekuwa mzuri, naye Mama akamuuliza kama hiyo ndiyo sala ya siku hizi.

Nililolipenda zaidi ni AFK. Mchezaji aliliandika akilazimika kuiacha kibodi, labda ameitwa nje. Sayba yetu ilikuwa na sheria yake: aliye AFK hapigwi risasi, na wa timu yake husimama karibu naye wakimchunga mpaka arudi. Kwingine sijui walifanyaje. Kwetu, aliyeivunja sheria hiyo alihamishiwa kompyuta za mbele, akakae na wenye kutafuta kazi.

Halafu kaka akaenda India kusomea uhasibu. Mwaka wa pili akaacha uhasibu akaingia kompyuta, na Mama akaja kuambiwa na watu wa nje. Alipompata kwa simu alimwambia, "Kama wewe umekuwa mkubwa hivyo, usinipigie tena." Kaka naye ni mtoto wa mama yake. Hakupiga. Kwa miezi mitatu Mama alipalilia maharagwe kwa hasira, mpaka nikayaonea maharagwe huruma.

Jumamosi moja akavaa nguo ya kanisani. "Twende huko kwenu kwa makelele," akasema. "Nataka kuongea na yeye."

Tulimkuta kaka kwenye chati. Mama akaniambia niandike "Wakya". Hiyo ni salamu ya Kikamba ambayo mkubwa humpa mdogo, na mdogo huitika "Aa". Kwa Mama, bila "Aa" mazungumzo hayaanzi, hata kama jiko linaungua. Nikaandika, nikaongeza kwamba ni Mama anayesalimia. Papo hapo, kando ya jina la kaka, zikatokea herufi tatu: AFK.

Niliumia. Nilijua anatukwepa. Mama akataka kujua hiyo ni nini, nikamweleza kwamba ametoka kwenye kibodi kidogo.

"Na nyinyi mkiwa kwa gemu, mtu akitoka hivyo mnafanya nini?"

"Tunamchunga, Mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

"Basi andika namchunga."

Nikaandika: Mwaitu anasema anakuchunga mpaka urudi. Akavuta kiti, akaweka mkoba magotini, akaikazia macho skrini kama anayetazama maziwa yaliyo motoni. Nusu saa ikapita. Mimi sina subira, nikamwambia net iko na shida, twende. Akasogeza kiti karibu zaidi. Mwenye sayba akaja kusema kuna watu kwa laini wanangoja kompyuta.

"Kuna mtu wetu ametoka kidogo," Mama akamwambia.

Sauti moja ikatoka nyuma: "Wacha huyo mathe bana, anachunga AFK!" Wakacheka, lakini wakapunguza kelele, na mwenye sayba akarudi mezani kwake.

Saa nzima ilikuwa karibu kuisha herufi mbili zilipoingia. Aa.

Mama alipiga kigelegele mle ndani, watafuta kazi wote wakageuka. Kisha akaanza kunisomea habari, vidole vyangu vikashindwa kumfuata: ng'ombe amezaa, kanisa limepata mabati, maembe yameanza kuiva. Mwisho akasema, "Mwambie asome hiyo kompyuta yake. Lakini asome." Kaka akajibu GG. Mama akaniambia niandike Amina. Nililia na kucheka, na sikuona haya.

Miaka michache baadaye kaka alikuwa amerudi, nasi tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Ndipo akakiri kwamba siku ile hakutoka popote. Alikuwa ameketi pale pale, akiisoma ile sentensi ya Mama tena na tena, akiogopa kujibu. Nilimrushia gunzi.

Mama hakuinua hata macho. "Nilijua uko," akasema. "Kama hungekuwa, si ningeenda nyumbani?"